Barua zetu za Kiingereza zimejaa maneno yasiyo na kazi

Ndugu Mhariri,

Kila linapotoka tangazo la ajira, steshenari yangu hapa Morogoro hujaa vijana wanaokuja kuchapa barua za maombi. Wengi huandika kwa Kiingereza, ingawa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanaruhusu barua ya Kiswahili au ya Kiingereza. Kuchagua Kiingereza ni haki yao, sina ugomvi nao. Ninachoandikia leo ni maneno ya ziada yaliyojaa ndani ya barua hizo. Ukiyafuta hakuna kinachopungua, na yakibaki yanamziba mwombaji asionekane.

Sentensi ya kwanza ni ileile karibu kila mara, mwandishi awe na cheti au shahada: "I am hereby writing this letter to humbly request and apply for the above mentioned post as per the heading above." Hapo pana maneno 21. Msomaji anajua kwamba hiyo ni barua, maana ameishika mkononi. Kichwa cha habari amekiona, kiko juu kwa herufi kubwa na kimepigiwa mstari. Na katika maneno yote 21, kazi yenyewe inayoombwa haijatajwa! Mimi hufuta, nikaandika: "I am applying for the post of Records Officer." Maneno tisa, na afisa utumishi ameshajua jalada la kuiweka barua.

Kisha yanafuata mengine: "24 years old of age", "a Tanzanian citizen by nationality", "I completed and finished my studies in the year 2022". Mtu akimaliza masomo amemaliza. Na hiyo 2022 inayofuata baada ya kumaliza masomo haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa mwaka.

Niseme ninakotoka, msomaji asije akadhani nimeingilia kazi ya walimu. Nilisomea uhazili Tabora, enzi za taipureta. Tulipimwa hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno yanaposemwa, ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 100 kwa dakika, kisha tukachapa barua ofisini zikiwa na nakala tatu za kaboni chini yake. Ukikosea herufi moja unafuta karatasi ya juu, halafu nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa uangalifu kaboni isichafue. Barua ikiwa ndefu, uwezekano wa kukosea unakuwa mkubwa, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo sisi tuliyajua maneno ya ziada kwa vidole. Mkuu wangu wa kwanza wa kazi alikuwa akirudisha rasimu ikiwa na mistari ya kalamu nyekundu, na kalamu ile sikuiona ikiongeza neno. Ilikata tu.

Huko Posta nako kulikuwa na simu ya maandishi, yaani telegramu. Ulilipia kwa neno. Mama aliyetoka kijijini na fedha iliyohesabiwa alisimama dirishani, karani akamsaidia kupunguza mpaka ikabaki BABA MAHUTUTI NJOO UPESI. Hakuna aliyepokea simu ile akauliza ilikuwa na maana gani. Kiswahili kilitusaidia sana hapo, kwa sababu "nitakutumia" ni neno moja ambalo Kiingereza kinahitaji manne. Waliokulia katika bei ile walijifunza kujiuliza, kabla ya kuandika neno, kama neno hilo linastahili kulipiwa. Siku hizi neno ni bure, na swali lile limekufa.

Vijana wenyewe wana jibu lao, na nataka nilitendee haki kwa sababu ni jibu zito. Binti mmoja mhitimu alipoona nimefuta "humbly", "kindly" na "beg", aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nikiandika kifupi hivi watasema sina adabu."

Nilimwelewa. Kwetu mtu haendi moja kwa moja kwenye shida yake. Anabisha hodi, anaamkia, anaulizia watoto na mashamba, anakaribishwa kiti, ndipo anasema lililomleta. Anayeruka hayo yote ameonyesha dharau. Mtoto aliyelelewa hivyo, akishika kalamu kumwandikia mkubwa asiyemjua, kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao, atahofia kuonekana mkavu. Atarundika kila neno la unyenyekevu analolijua ili awe salama. Hilo ni malezi mema yaliyokosa pa kukaa, na haifai kumcheka.

Lakini adabu ya Kiingereza cha barua imewekwa mahali pake tayari. Iko kwenye "Dear Sir" au "Dear Madam" pale juu, na "Yours faithfully" pale chini, iko kwenye tahajia sahihi ya jina la ofisi, na iko katika kusema unachotaka bila kumchosha unayemwandikia. Nilimwambia binti yule, "Mwanangu, nimefungua barua za watu miaka mingi. Nilizigonga mhuri wa kupokelewa, nikazipeleka masjala zikafunguliwa jalada, nikamwekea mkuu mezani. Nilikuwa namwona anavyozisoma." Ofisi yenye nafasi mbili hupokea maombi marundo kwa marundo. Msomaji anapita mistari miwili ya juu, kama hajaona kazi gani, elimu gani, uzoefu gani, jicho linateremka kutafuta, na mkono unaanza kufunua barua ya chini yake. Kumheshimu mtu huyo ni kumpa alichokuwa anakitafuta kabla hajachoka. Na neno "beg" lina ubaya wa ziada. "Naomba" yetu ni ya heshima, hata mwenye duka unamwambia naomba chumvi. "Beg" ya Kiingereza inanuka sadaka. Kijana mwenye shahada na vyeti vyake halali hapaswi kuingia ofisi ya mtu kwa neno hilo.

Yako makosa mengine ambayo asili yake ni Kiswahili chetu wenyewe, na sijaona yakielezwa hivyo shuleni. Tunasema panda juu, shuka chini, ingia ndani, toka nje. Konda anasema "ingia ndani, sogea nyuma" na hakuna abiria anayelalamika, maana ndivyo lugha yetu inavyopenda kuonyesha mwelekeo. Tunasema rudi nyuma, na "nyuma" hapo ina kazi, kwa sababu kuna kurudi nyumbani na kurudi kazini. Sasa mtu akibeba mazoea hayo hadi kwenye Kiingereza, anaandika "return back", "reverse back" na "repeat again", wakati "return", "reverse" na "repeat" zimeshameza ule urudiaji ndani yake. Tunajadili kuhusu jambo, basi anaandika "discuss about". Tunasema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika", naye anaandika "although" mwanzoni na "but" katikati. Mwalimu anapiga mkasi mwekundu na kuandika makosa ya sarufi. Angemwambia mtoto hivi: katika lugha yako maneno haya mawili yanatembea pamoja, katika lugha hii moja linatosha. Mtoto angeelewa siku hiyohiyo, tena bila kuona haya kwamba Kiswahili chake kimemharibia.

Ndugu zangu wa steshenari tunaoandikia watu watakubaliana nami kuhusu vifupisho pia. "PIN number", "TIN number", "ATM machine", "HIV virus". N ya mwisho katika PIN na TIN ni hiyo hiyo namba, M ya mwisho katika ATM ni hiyo mashine, V ya HIV ni kirusi. Katika wasifu wa wahitimu naona "GPA average", na A tayari ni wastani. Sisi wenyewe tunasema chama cha SACCOS, ilhali chama kimo ndani ya jina. Katika mazungumzo haya hayaniudhi, maana mtu anataka kueleweka haraka na si kila msikilizaji anajua kifupisho kimetoka wapi. Katika hati ya ofisi au wasifu unaokwenda kwa wageni, afadhali yaondolewe.

Yapo pia maneno pacha, mawili yenye maana moja, tunayoyaiga kwa wanasheria: "null and void", "goods and chattels", "fit and proper", "last will and testament". Vijana wanayapenda kwa sababu yana mlio wa mamlaka. Chanzo chake ni historia ya Waingereza. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa na mahakama walitumia Kifaransa, hati nyingi zikaandikwa kwa Kilatini, na watu wa chini wakabaki na Kiingereza chao. Mwaka 1362 ikabidi itungwe sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikueleweka na watu wengi, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Katika mchanganyiko wa namna hiyo mwandishi wa hati aliona usalama kuweka neno la huku na la kule. "Goods" ni Kiingereza cha asili, "chattels" imetoka kwenye Kifaransa. "Will" ni yao, "testament" ni ya Kilatini. "Fit" ni ya kwao, "proper" ililetwa. Mazoea yakakolea, hata maneno mawili yenye asili moja yakaanza kufungwa pamoja, kama "null" na "void". Wao walikuwa na sababu. Sisi tunaoandika "your offer is null and void" kumjulisha mzabuni wa kufyeka majani tunaiga kidonda cha mtu ambacho sisi hatukuumia.

Na pacha hao wameshavuka kuja kwenye Kiswahili. Kila tangazo la redio linamalizika kwa kasi, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Hiyo ni "terms and conditions" iliyovalishwa kanzu. Masharti peke yake yalitosha, na mkulima anayesikiliza angejua kuna masharti. Nalitaja hili kwa sababu mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na kazi ya kutafsiri ni kubwa. Nawasihi wanaoifanya wakikutana na pacha wa Kiingereza, waulize kwanza kama ni vitu viwili au kimoja. Kama ni kimoja, "batili" inatosha. Tukiwabeba pacha wote, wajukuu wetu watakaa mahakamani wakitafuta tofauti isiyokuwepo.

Huenda msomaji akauliza, kwani kuna aliyekufa kwa neno moja la ziada? Niseme nililoliona. Kijana mmoja alileta barua ya kuitwa kwenye usaili, nimtolee nakala. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Ilianza na "You are hereby kindly informed and notified", ikapita kwenye "in this regard", ikaingia "it should be noted and borne in mind that", na katikati ya aya ya ukurasa wa pili, ndani ya sentensi yenye mistari sita, ndipo palipoandikwa kwamba msailiwa aje na vyeti halisi. Kijana alikuwa ameisoma. Alichokihifadhi kichwani ni tarehe na mahali. Alikwenda na nakala, akarudishwa mlangoni, akarudi Morogoro na nauli imekwisha. Waliomrudisha walikuwa na haki kwa mujibu wa barua. Lakini aliyeiandika barua ile alikuwa na nafasi ya kuweka mstari mmoja juu kabisa: "Bring your original certificates." Maneno manne. Nimeihariri barua ile kichwani mara nyingi tangu siku hiyo na inaenea nusu ukurasa, tarehe, mahali, saa na vyeti, pamoja na salamu.

Sisemi kila kinachorudiwa kifutwe. Kwenye hundi tunaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kwenye stakabadhi vilevile, na urudiaji huo unatulinda dhidi ya mtu wa kuongeza sifuri. Mfamasia anayekuandikia "mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni" anafanya vyema. Sala inarudiwa, msiba unapewa pole mara tatu, na kumwambia mgeni karibu sana karibu ndani ni utu. Neno linalorudiwa kwa kazi libaki. Nalalamikia lile lililowekwa kwa sababu mwandishi aliogopa nafasi tupu, au kwa sababu alilikuta kwenye barua ya mwenzake akalinakili pamoja na kosa lake. Maana hilo ndilo linalotokea: kijana mmoja anapata kazi, barua yake inapigwa picha, inasambaa kwenye simu za darasa zima, na mwezi huo ninachapa "as per the heading above" mpaka naiota.

Shule nazo zimo. Mwanafunzi anaambiwa andika insha ya maneno 250. Anasema alilo nalo kwa maneno 140, anahesabu kwa kidole, anaona bado, anaanza kutia maji. "At this present moment of time". "In my own personal opinion I think". "Each and every person". Anapata alama zake. Miaka kumi baadaye yuko ofisini na amri ya kuandika barua, na mkono bado unatia maji. Sijawahi kusikia zoezi la kinyume chake: hii hapa barua ya maneno 250, ipunguze ibaki 100 na usipoteze taarifa hata moja. Muhtasari unafundishwa, najua, lakini mwanafunzi anafupisha kifungu cha mtu mwingine. Maandishi yake mwenyewe hayagusi. Ni vigumu zaidi kukata neno lako ulilolitafuta kwa jasho, na ndiyo maana lazima lifundishwe mapema.

Wenye lugha yao walishasumbuliwa na jambo hili hili. Mwaka 1979 mama mmoja wa Liverpool aitwaye Chrissie Maher, ambaye mwenyewe alichelewa kujua kusoma hadi alipokuwa kijana, alibeba fomu za serikali mpaka uwanja ulio mbele ya Bunge, London, akazichanachana hadharani. Alikuwa amechoka kuwaona watu wa kawaida wakikosa haki zao kwa sababu fomu hazisomeki. Alianzisha kampeni ya Kiingereza kinachoeleweka, na ofisi zikaanza kuandika upya fomu zao. Marekani nao wakatunga sheria mwaka 2010 kuzitaka ofisi za serikali kuu ziandikie wananchi kwa lugha wazi. Kwa hiyo kijana wa Morogoro anayejitahidi kuandika "I am hereby kindly requesting" akidhani ndicho Kiingereza cha wakubwa, ajue kwamba wenyewe wanajitahidi kukiacha.

Mimi hulipwa kwa ukurasa. Barua ya kurasa mbili inaniingizia zaidi ya ile ya ukurasa mmoja, na bado ninakaa na vijana kwenye benchi tukikata, kwa sababu nimeona upande wa pili wa meza na najua barua zipi zinasomwa hadi mwisho. Ila nawafikia wachache. Wanaonizidi nguvu ni waajiri. Tangazo la kazi linataja umri, elimu, tarehe ya mwisho na anwani, basi liongezwe sharti moja: barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja, na aya ya kwanza itaje kazi inayoombwa na sifa kuu ya mwombaji. Vijana hutii tangazo neno kwa neno, naliona hilo kila siku. Waajiri nao wafanye hivyohivyo katika barua za kuita watu kwenye usaili: siku, saa, mahali na vitu vya kuleta viwe juu, kabla ya jambo jingine lolote. Na gazeti lako, Mhariri, ambalo wahitimu hulipekua kutafuta nafasi, lingefanya vyema kuchapa mara moja kwa mwezi barua moja mbovu na iliyo safi ubavuni mwake. Barua mbovu nitaleta mimi, nikiwa nimeondoa majina. Ninazo za kutosha mwaka mzima.

Mhazili mstaafu,
Morogoro